Spana Mbili za Mumbere

Nati iligoma. Mumbere alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini ya lori la tani saba, kidevu kikigusa chuma ambacho hakijapoa, mkono wa kulia umezama hadi kiwikoni kati ya feni na rejeta. Mapezi ya rejeta yalikuwa yameshamchuna ngozi ya kifundo mara tatu. Hakuutoa mkono. Akiutoa angepoteza alipofika, na kufika hapo kulimgharimu nusu saa.

Chini yake, mbali kidogo na madimbwi ya mafuta, alisimama mtu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Huyo ndiye Obita, mkuu wa karakana hii ya serikali hapa Luzira, Kampala.

"Injinia, itatoka?" aliuliza.

"Itatoka, shefu. Bantu benu balikuwa banaikaza."

Kweli walikuwa wanaikaza. Klachi ya feni ya lori la aina hii hukaa nyuma ya mapanga ya feni, nayo hushikwa na nati moja kubwa inayolegea kwa kupelekwa kulia, si kushoto kama tulivyozoea. Mafundi wa karakana, watu wenye mishahara na ovaroli zenye nembo, walikuwa wameigonga kwa tindo kuelekea kushoto siku mbili nzima, mpaka pembe zake zikaanza kulika. Na leo saa tano mkaguzi angefika kutoka mjini, na lori lilitakiwa lingurume mbele yake. Ndiyo maana bodaboda ilitumwa Makindye alfajiri kumfuata mkimbizi wa Butembo, Kongo, na mkimbizi huyo leo akawa injinia.

Mumbere alikuwa na vitu viwili ambavyo karakana nzima haikuwa navyo. Cha kwanza ni spana bapa, pana kinywani lakini nyembamba kuliko kidole, inayoweza kupenya pale pasipopenya mkono wa mtoto. Cha pili ni pao la chuma lililopindwa mwishoni na kutobolewa matundu mawili, la kuzikamata bolti za puli ili isizunguke. Bila hilo la pili, nati na puli huzunguka pamoja kutwa nzima na fundi anabaki kutoa jasho bure.

Spana hizo mbili, ndivyo alivyoziita, alizichonga mwenyewe, kwa bapa la springi ya lori alilolipata kwa wauza vyuma chakavu wa Katwe. Alilisugua kwa tupa Jumapili kumi na moja, wenzake wakiwa kanisani. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuazimwa. Fundi wa Mengo au wa Makindye akizitaka spana za Mumbere, sharti amwite na Mumbere mwenyewe. Walimtania kuwa ni mchoyo, wakamwita bwana wa wake watatu, maana Monique, mkewe halali, alilala kitandani na hizo mbili zikalala chini yake. Wacheke watakavyo. Mumbere aliwaona kila siku Wakongomani wenzake waliokaa kando ya barabara wakingoja mtu wa kukodi migongo yao. Kati yake na wao palikuwa na vipande viwili vya chuma, basi.

Akaliegemea pao kwa kifua, akaipiga spana kwa nyundo, mapigo mafupi, kuelekea kulia. Pigo la tisa nati ikalia. La kumi ikazunguka.

"Safi sana," alisema Obita, akasogea kwa mara ya kwanza, akaichukua spana na kuigeuzageuza bila kujali grisi. "Hii ulinunua wapi? Iko na risiti?"

"Risiti gani, shefu? Nilizichonga miye mwenyewe."

"Hata jina hukuandika?"

"Jina ya nini? Mafundi bote banazijua."

Masikini, alilisema kwa majivuno.

Alifunga klachi mpya, akairudisha feni, akakaza. Lori likawashwa na upepo wa feni ukaipeperusha kofia yake, akacheka peke yake. Kisha akazifuta spana kwa dizeli, akazifunga ndani ya gunia. Obita akamwambia aziache tu stoo, kesho angeitwa tena kwa lori jingine.

"Haziachwake, shefu. Zinakuyaka na miye, zinaendaka na miye."

Obita alitazama saa yake, akaenda kumpokea mgeni.

Getini alikuwepo Adyero, askari mwanamke wa makamo, mtu wa kaskazini, na mbele yake kitabu kikubwa. Amri ya geti hilo ni moja: kila chuma kinachoingia huandikwa, na ambacho hakikuandikwa kuingia hakitoki. Lakini asubuhi Obita mwenyewe alikuja hadi getini, akapunga mkono na kusema mwache injinia apite, tumechelewa. Adyero akakifunga kitabu. Mumbere alipita kichwa juu. Miaka tisa Kampala, na hilo lilikuwa geti la kwanza kulipita bila kupapaswa. Furaha hiyo ikamfanya asahau kusema maneno mawili tu: niandikie hizi.

"Mzee, fungua gunia," alisema Adyero.

"Mama, si uliniona asubuhi nazo?"

"Fungua."

Alifungua. Adyero alizitazama spana, akafunua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari ambao Mumbere aliweza kuusoma hata ukiwa juu chini. Jina lake, saa moja na dakika ishirini, na mbele yake neno moja: hakuna. Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Kitabu inasema umeingia mikono tupu."

"Mama Adyero, uliniona. Ulinipokelea hata gunia nikishuka kwa boda."

Nyuma ya kibanda, kwenye kamba, zilianikwa sare mbili za shule. Adyero aliishi humohumo karakanani, chumba cha kazi, na chumba cha kazi hutolewa na mkuu wa karakana.

"Mzee, mimi nafanya kazi tu," alisema, na hakuinua macho.

Obita alikuja bila haraka, akiwa na mwanamke mwenye miwani na faili. Jina lake Babra, ndiye mkaguzi.

"Madamu, si nilikuambia?" alisema Obita kwa huzuni. "Tunanunua vifaa, vibarua hawa wanatumaliza. Leo Mungu ametusaidia."

Walimrudisha hadi stoo. Ukutani palikuwa na ubao mpana wa rangi ya kijani, misumari imepigwa kwa mstari, na kila penye misumari pamechorwa kwa rangi nyeupe umbo la kifaa kinachopaswa kuning'inia hapo. Maumbo kumi na moja. Vifaa, hakuna hata kimoja. Ilikuwa seti ya mafundi wa injini za dizeli, iliyopokelewa na kutiwa sahihi miaka mitatu iliyopita, na Mumbere alipoiona michoro hiyo, jambo la kwanza lililompata, aibu iliyoje, ni tamaa. Kumbe huwa vingi hivi.

Babra aliitundika spana bapa kwenye misumari yake. Ikapita mchoro kwa kiganja kizima. Akatundika na pao. Pindo lake likaelekea kulia, la kwenye mchoro likielekea kushoto. Kila aliyekuwa ndani aliona. Mumbere akavuta pumzi, na kwa muda huo mfupi alimpenda mwanamke huyo kama dada.

"Havilingani," alisema Babra.

"Mchoraji alikosea, madamu."

Babra alipitisha kidole kwenye ukingo wa spana, pale tupa ilipoacha mikwaruzo ya Jumapili zile zote. Alijua. Mtu hapitishi kidole hivyo kama hajui. Kisha akatazama simu yake. Alikuwa na karakana nyingine mbili kabla ya jioni, na ubao uliokamilika ni ukurasa mmoja, mtupu ni kesi ya miezi.

"Mzee, una risiti ya hivi vifaa?"

"Nilizichonga, madamu. Muulize mtu yeyote Katwe."

"Sikuuliza Katwe. Una kitambulisho?"

Alimpa kadi yake ya ukimbizi. Babra aliisoma mbele na nyuma, akaitia ndani ya faili, akalifunga faili.

"Nisikilize. Andika hapa kwamba umevirudisha kwa hiari yako, tumalize. Ama niite polisi, na wao wataandika wanavyojua. Wewe mgeni katika nchi hii. Unataka jina lako liende huko?"

Hakutaka. Aliwaza Monique akizunguka vituo vya polisi na chakula ndani ya bakuli, akiulizwa na kila mlango yeye ni nani. Aliwaza kadi iliyomo ndani ya faili. Bila hiyo hata kutembea hadi Makindye ni kosa. Akachukua kalamu. Aliandika jina lake chini ya maneno ambayo si yake, na iliuma, iliuma mpaka meno. Amezitoa spana zote mbili, nguvu zake na chakula chake, na hapo hapo amejiita mwizi kwa mkono wake.

Alipomaliza alinyoosha kiganja.

"Kadi yangu, madamu."

Babra aliisoma karatasi, akahakikisha sahihi, akaipa Obita naye asaini. Kisha akageukia ubao.

"Basi. Zimerudi mbili," alisema. "Zimebaki tisa."

"Zipi tisa?"

"Mzee," alisema Obita kwa upole, "umeshaandika kwamba ulichukua kutoka hapa. Usituchoshe. Sema uliuza kwa nani."

Obita aliinama chini ya meza, akatoka na kopo la rangi nyeupe na brashi. Akaanza kuchora upya, taratibu, akiizunguka spana ikiwa palepale ukutani, na rangi ikachuruzika kidogo juu ya chuma. Babra alivuta kiti, akafungua orodha na kuanza kusoma kwa sauti ya mtu anayeita majina darasani.

"Kivuta beringi, miguu mitatu."

Mumbere alikitafuta kwenye ubao, akakiona, miguu mitatu iliyokunjwa kama ya buibui. Alikuwa amesikia habari zake tangu Butembo. Hajawahi kukishika.

"Sina, madamu."

"Amekataa kusema," alisema Babra, akaandika. "Kipimo cha nafasi ya valvu."

"Sina."

Akaandika. Zilibaki saba.