Ngamia au Kamba

Selpher Dama, mwalimu mstaafu, alikuwa mhubiri wa zamu katika kanisa dogo la Frere Town. Kwa miaka miwili alikuwa akijifunza kwa simu Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, na kila herufi mpya ilimzidishia raha. Jumapili moja akapanda mimbarani akatangaza kuwa watu wamepotoshwa siku zote: katika ule usemi wa Yesu juu ya tajiri, kinachoshindwa kupenya tundu la sindano si ngamia, ni kamba ya meli.

"Kwa Kiaramu neno ni moja, gamla," alisema. "Waliotafsiri ndio walioteleza."

Munga, kibarua wa bandarini anayeshinda akifunga kamba za meli, alitoka machozi yakimlengalenga. "Mwalimu, leo Yesu ameitaja kazi yangu."

Jumanne, Selpher akamsimulia jirani yake, Maalim Jamaludin, aliyesomesha Kiarabu Mishomoroni miaka thelathini. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Gamla ni ndugu wa jamal ya Kiarabu. Huyo ni ngamia. Kamba umeipata kwa nani?"

"Kwenye video, Maalim."

"Na huyo wa video, kaipata kwa nani?"

Selpher akaaga, akarudi nyumbani.

Tangu hapo hakutulia. Alianza kupiga pasi, akaiacha. Samaki wakamuungulia. Kamusi ya Kiaramu aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Mwishowe akagundua: maana ya kamba ilitoka kwa watunga kamusi walioishi karne nyingi baada ya Yesu. Injili zilizotufikia ziliandikwa Kigiriki, na ile ya Kiaramu aliyoidhania ndiyo asili, nayo imetafsiriwa kutoka Kigiriki hicho hicho. Na yeye, mwanafunzi wa simu, amewaita watafsiri wazembe!

Phineas, mzee wa kanisa, alimshauri anyamaze. "Nani atakumbuka?"

Lakini Ijumaa Selpher alimfuata Munga kwake, akamweleza kuwa amekosea.

"Nimewaambia wenzangu gati zima," Munga alisema. "Leo niwaambie nini?"

"Waambie mwalimu alisema asilolijua."

"Lakini lilinigusa!"

"Najua. Hata hivyo sina hakika nalo."

Munga aliingia ndani bila kumkaribisha.

Jumapili Selpher alisimama chini, mbele ya viti, akakiri kosa lake. Kiti cha Munga kilikuwa kitupu.

Kesho yake asubuhi Munga alibisha hodi, bado amenuna. "Nionyeshe hilo neno. Nataka nilione mwenyewe."

Selpher akaliandika, herufi nne, kulia kwenda kushoto. Munga akazifuata polepole kwa kidole kilichoota sugu.

"Na kamba haimo kabisa?"

"Wapo waliosema imo, baadaye sana. Wengi wanaona ni ngamia. Mimi sijui vya kutosha kuwaamulia."

Munga akavuta kiti. "Basi nifundishe, kuanzia herufi ya kwanza."

Selpher alichukua kalamu, akaanza.