Hereni 0417

Kampuni ya Dar es Salaam ilipokuja Njombe kuwauzia wafugaji wingu la kuhifadhi kumbukumbu, Mzee Ebeneza, mwenyekiti wa kikundi cha maziwa, alitazama ukungu ulioshuka mpaka kwenye mabati ya ofisi, akauliza kama mawingu waliyonayo hayatoshi. Wakacheka, kisha wakajiandikisha. Ng'ombe mia mbili na kumi na wawili wakaingia winguni, na nywila akakabidhiwa Sadock, katibu, aliyejifundisha kompyuta kwa kubofya kila kitu mara moja na kuandika daftarini kilichotokea.

Kule Makambako, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kikundi cha Mudy msafirishaji kilinunua wingu la kampuni ya Arusha. Mawingu hayo mawili hayakusalimiana. Hakuna aliyejali, mpaka ndama wa shangazi Beatrisi alipozaliwa akashindwa kusimama.

Beatrisi alikuwa mjane, shangazi yake Sadock, na ng'ombe wake alimpata kwa utaratibu wa kikundi wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Unapewa mtamba, ndama jike wa kwanza anakwenda kwa jirani anayefuata kwenye foleni. Ndama yule alikufa siku ya tatu. Daktari wa mifugo akauliza dume ni lipi. Akaambiwa ni la kikundi, lile lile moja, ambalo kwa miaka sita limehudumia mtaa mzima.

"Basi mmemzalisha mtoto na baba yake," akasema daktari, akanawa mikono.

Kanuni ilikuwa wazi: ukipoteza ndama mara mbili, au ng'ombe wako akikaa mwaka bila mimba, anahamia kwa anayefuata. Mwaka tangu ndama yule afe ulikuwa unaisha mwezi huo. Anayefuata alikuwa Timoth, ambaye alishajenga banda, na kila Jumapili baada ya ibada alipita kwa Beatrisi kujulia hali. Hakuwa akiijulia hali ya Beatrisi.

"Sado, baba," Beatrisi alimwambia Sadock, "huyu Timoth juzi kaja na futi kamba."

Mtaalamu wa mbegu za chupa alikuwa na mtungi mtupu tangu Machi, kwa hiyo lilitakiwa dume la ugenini. Mudy alikuwa nalo. Aliliita Jemedari, na picha yake ilikuwa ubavuni mwa lori lake, kubwa kuliko namba ya simu.

Sadock hakutaka kumhukumu Jemedari kwa picha. Alitaka kujua mama yake na baba yake. Akaipigia simu kampuni ya Arusha aombe kumbukumbu za Makambako, kwa idhini ya Mudy mwenyewe.

"Kumbukumbu zenu ziko salama," akasema binti wa kampuni.

"Nashukuru. Naomba kuzitoa."

"Ziko salama sana, kaka."

"Yaani hazitoki?"

"Mfumo wetu uko wazi saa ishirini na nne."

Akapiga Dar es Salaam. Huko walimwambia kumbukumbu zinatoka bila shida, ila zikitoka zinasomeka kwenye mfumo wao tu. Sadock akaandika daftarini: *Wote wawili wana mlango. Mmoja wa kuingilia, mwingine unatokea chumba kile kile.*

Siku iliyofuata akapanda gari hadi Makambako. Katibu wa Mudy alikuwa mpwa wake, Rehana, msichana mwenye mwandiko mdogo na subira ndogo zaidi. Walikaa nyuma ya duka la vipuri, na kati yao karatasi moja. Sadock alikuwa ameandika mambo manane ya kujazwa kwa kila ng'ombe, kwa mpangilio ule ule, katika faili ya maandishi matupu ambayo hata simu ya tochi isingeikataa: mstari mmoja ng'ombe mmoja, mkato kati ya jambo na jambo. Kampuni yoyote ingeweza kuisoma. Hakuna kampuni ambayo ingeweza kuimiliki.

Tarehe peke yake iliwachukua nusu saa. Rehana alitaka mwaka utangulie, Sadock alitaka siku.

"Ukianza na mwaka, kaka Sadock, zinajipanga zenyewe."

Sadock akafikiri muda wa kunywa chai nzima. "Kweli," akasema. "Nimeshindwa."

Jambo la kwanza lilikuwa gumu zaidi: namba ya hereni, ile iliyotobolewa sikioni ndama akiwa na wiki mbili. Wingu la Arusha lilikuwa na namba zake lenyewe na halikuitaka hereni. Wingu la Dar es Salaam lilimtambua ng'ombe kwa jina na mwenye nyumba. Na hapo ndipo palipooza, kwa sababu upande wa Njombe ng'ombe akihama nyumba hubadilishwa jina. Ni adabu. Huwezi kusimama zizini mwako ukamwita ng'ombe kwa jina la mama mkwe wa jirani. Kwa hiyo kila ng'ombe aliyehama alikufa winguni, akazaliwa upya nyumba ya pili, hana baba wala mama, kama Melkizedeki.

"Mpaka nikasome masikio?" akauliza Rehana. "Ng'ombe mia na themanini?"

"Mimi nimeshasoma yangu."

Mudy akachungulia, kibaragashia kimeelekea nyuma. "Katibu, jambo la sita hapa linauliza baba. Baba wa Jemedari ni siri ya biashara."

"Mzee Mudy, hata ndoa ya watu, kanisani kwetu hutangazwa Jumapili tatu, mwenye pingamizi aseme. Ng'ombe nimemwombea tangazo moja tu."

"Sisi hatutangazi Jumapili."

"Ndiyo maana nimeandika kwenye karatasi."

Mudy akacheka, akatoa idhini. Rehana akatumia wiki mbili akisoma masikio, akijaza kila mnyama wa kikundi bila kubagua, mpaka dume la Kasimiri, mvuta mkokoteni wa mchanga.

Alhamisi asubuhi ng'ombe wa Beatrisi alianza kulia na kupanda wenzake. Beatrisi alikuwa amemwita Semina, kwa sababu alimpokea siku ya semina. Kila mfugaji alijua hesabu: dume lipatikane kabla jioni haijaisha, au zisubiriwe siku ishirini na moja, na mwezi usingezingoja. Mudy akapigiwa simu. Kabla ya saa nne lori lilikuwa mlangoni, na Jemedari ndani yake, mpana kama kabati la dayosisi. Timoth naye alikuwepo, mikono nyuma. Mzee Ebeneza, ambaye pia ni mzee wa kanisa, akavua kofia akaomba baraka, ndefu kidogo.

"Amina. Mteremshe," akasema Mudy.

"Subirini," akasema Sadock. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, kompyuta magotini. "Rehana ametuma mistari ya mwisho."

"Katibu, dume halisomi."

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana nasoma mimi."

Akaunganisha faili mbili kuwa moja, kwa mara ya kwanza tangu mawingu yale yauzwe. Akaipanga kwa hereni. Akasoma mstari, akarudia kuusoma, akatoa daftari akalinganisha, akaomba asomewe sikio la Semina. Kisha akafunga daftari.

"Mama yake Jemedari mnamwitaje?"

"Malkia. Nilimnunua mnadani, ana mimba tayari. Ng'ombe wa heshima."

"Hereni yake 0417. Hapa kwetu, kwa Benno, daftari langu linasema 0417 aliitwa Sabuni. Benno alimuuza alipohamia Mlangali. Kabla ya hapo Sabuni alimzaa Semina. Baba ni lile dume letu, na ile mimba ya mnadani pia ni yake."

Jemedari akakojoa.

"Ni kaka yake," akasema Beatrisi. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Nimeombea nini mimi?" akauliza Mzee Ebeneza, akarudisha kofia.

"Umeombea ukoo, mzee," akasema Mudy, ambaye alikuwa muungwana hata akiumia. Akatazama picha ubavuni mwa lori. "Malkia. Kumbe Sabuni."

Timoth akakohoa. "Basi mwezi unaisha hivyo hivyo."

Sadock akarudi kwenye kompyuta. Faili ile sasa ilikuwa na ng'ombe mia tatu na tisini na wawili, na haikujali nani ni wa wingu gani. Akaiambia imwonyeshe kila dume lisilo na baba wala mama mmoja na Semina. Wengi walianguka. Akabaki mmoja aliyefikika siku hiyo: mama wa shamba la mifugo la Kitulo, baba wa huko huko, hajahasiwa kwa sababu tu Kasimiri hakupata mtu wa kumshika.

"Mvuta mchanga?" akasema Mudy. "Nimbebe yule kwenye lori la Jemedari?"

"Mzee Mudy, shangazi yangu hana mwezi mwingine."

Mudy alimtazama Beatrisi, ambaye alikuwa ameshika kamba ya Semina kwa mikono miwili. Akapanda lori, akageuza.

Saa tisa na nusu alirudi. Dume la Kasimiri liliteremka na mchanga kwenye kwato, jina lake Posho, likatazama huku na huku kama limekosea ofisi. Halikuhitaji kuombewa.

Miezi tisa baadaye Semina alizaa ndama jike, na ndama akasimama kabla Beatrisi hajamaliza kumpangusa. Kampuni zote mbili zilishampigia Sadock simu kueleza kwamba sasa mifumo yao inasoma mambo manane, ubunifu wao wenyewe. Aliwapongeza.

Ndama akatobolewa hereni, na alipoachishwa maziwa akapelekwa kwa Timoth, kama utaratibu unavyotaka. Jioni ile Timoth akapiga simu.

"Katibu, shangazi yako amemwita Faili. Mimi siwezi kuita ng'ombe Faili. Nimempa jina Ushindi. Nitakuwa nimeharibu?"

Sadock akafikiri. Hereni ilikuwepo sikioni. Jina halikumdhuru mtu. Akafungua ule ukurasa mmoja, na baada ya jambo la nane akaongeza la tisa: *jina analoitwa nyumbani, kwa sasa.* Kisha akampigia Rehana kumwomba ridhaa.