Vienna na Venice Bila Ndege

Tungewezaje kuiona Vienna, Ljubljana na Venice katika likizo moja fupi, ilhali bibi yangu Jadwiga, aliyeitamani miji hiyo maisha yake yote, ameapa kwamba hapandi ndege?

"Basi abaki hapa Krakow," alisema kaka yangu Bogusz. "Kwa treni tutafika tumeota mvi!"

"Mvi ninazo tayari, mjukuu wangu," bibi alimjibu. "Kilichobaki ni kuchemsha mayai." Kwetu, safari ya treni bila mayai ya kuchemsha si safari.

Nikairudia ratiba ya treni, nikaigundua treni ya usiku: tungelala Krakow na kuamka Vienna, bila kupoteza hata siku moja, kisha treni nyingine zingetufikisha Ljubljana na Venice. Moyo ulinijaa shangwe.

"Sikilizeni," nikawatangazia. "Tunakwenda kwa treni, na bibi anakuja nasi."