Ndoano ya Pili

“Hayo maji yenyewe yananuka moshi,” Fundi alisema, akilinyanyua juu pande la satini nyeupe lililoingia madoa. “Teremka uyanuse.”

Juu yake, kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, Tangazo alikuwa ameegemea ukuta kwa viwiko vyote viwili, kama mtu aliyeipanga roshani hiyo kwa ajili ya ugomvi. Tangazo si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, na mtaa haukumwonea. Alijibu kwamba nguo ikianikwa juu hudondokea chini, dunia ndivyo ilivyoumbwa, na anayeshonea watu chini ya kamba ya mwenzake asitafute mchawi. Fundi akasema zamani cherehani yake haikuwa hapo barazani. Ilikuwa uani, chini ya dirisha la baba yake, ambako kulikuwa na kivuli na mzee wa kuzungumza naye. Kama Tangazo anajua pa kuirudisha, amwambie.

Muuza mboga, aliyekuwa ameanza kupanga upya nyanya zilizokuwa zimeshapangika, aliinua kichwa. Madirisha mawili matatu yaliyofunguka kwa kisingizio cha kupunga hewa yalibaki wazi. Kila aliyesikiliza alijua kwamba hawa wawili hawakuwa wakigombania satini.

Tangazo alizihamishia hasira zake kwenye suruali ya kazi ya kaka yake. Aliikung’uta kwa nguvu, na kitu kikachomoka mfukoni. Kiligonga gurudumu la cherehani, kikazunguka sakafuni, kikalala. Kilikuwa kibao cha shaba cha mviringo, chenye tundu juu na jina lililochongwa kwa herufi kubwa. Fundi alikiokota, akakifuta kwa kidole gumba, akakitia katika mfuko wa aproni.

“Hicho ni cha kaka yangu,” Tangazo alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Basi akifuate mwenyewe.”

*

Kaka mtu aliitwa Zimamoto, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake, na kwa muda mrefu jina hilo lilikuwa la heshima. Mtungi wa gesi ukivuja, anaitwa Zimamoto. Paka akishindwa kushuka kutoka juu ya paa, anaitwa Zimamoto. Siku chumba cha baba yake Fundi kilipowaka, kwa waya uliochubuka nyuma ya redio, watu walipomwona yeye ndiye aliyeruka kutoka garini, walishusha pumzi. Huyu ni wetu, walisema.

Gari lilifika mapema, na hilo hata Fundi hakulikana. Ila lilifika na watu wawili tu, Zimamoto na Dereva.

Kituo chao kilijengwa kwa watu wengi. Vitanda vipo, makabati yapo, helmeti ziko ukutani zinapata vumbi, watu ndio hawapo. Anayestaafu huagwa kwa keki na nafasi yake huachwa wazi. Wakubwa wakiulizwa husema subirini. Kituo cha mji wa jirani nacho kilikuwa vivyo hivyo, kwa hiyo vituo viwili vilijifunza kuishi kama jirani wanaoazimana chumvi. Leo mimi nimepungukiwa, nipe wawili. Kesho wewe, chukua wangu. Walikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote: aliyeazimwa hulishwa na aliyemwazima.

Asubuhi ya siku ile mji wa jirani ulikuwa umepeleka gari lake moja na watu wake wote kwenye ghala la magodoro lililokuwa likiungua. Waliomba watu wa kukaa na gari lao la pili, kituo kisibaki kitupu. Zimamoto ndiye aliyekuwa mkuu wa zamu. Aliwapa wawili bila kufikiri sana, kwa sababu wiki chache nyuma yeye ndiye aliyekuwa mwombaji.

Ubavuni mwa gari, karibu na pampu, kuna ubao mdogo wenye ndoano. Anayeingia kwenye moto hutundika kibao chake hapo. Na hakuna anayeingia peke yake. Ndoano ya kwanza bila ya pili ni marufuku. Dereva haachi pampu, kwani akiiacha, maji yanakatika na aliye ndani ameachwa. Zimamoto alivaa mtungi wa hewa, akatundika kibao chake, akageuka kuelekea mlangoni ambako moshi ulikuwa ukitoka mzito kama sufi.

“Ukianguka humo,” Dereva alisema, mikono yake ikiwa kwenye valvu, “atakufuata nani?”

Zimamoto aliitazama ndoano ya pili. Akakitoa kibao chake, akakitia mfukoni mwa suruali. Alivunja kioo cha dirisha, akapitisha maji kati ya nondo, akaita, “Mzee, jibu. Mzee.” Watu walipiga kelele kwamba aingie. Wengine walimsukuma. Alibaki na mpira wa maji mkononi, akilenga mahali ambapo alikisia kitanda kiko, mpaka gari la pili la mji wa jirani, walilokuwa wameliita njiani, lilipopiga kona. Walioshuka walikuwa watu wake mwenyewe, wale wawili aliowaazimisha. Mmoja alikuwa na mchuzi kwenye kola. Walitundika vibao vyao viwili, wakaingia, wakamtoa mzee katika blanketi. Hakuna aliyeuliza kama anapumua.

Mtaa ulichukua ulichokiona, ukakitia chumvi. Alisimama kama mlingoti. Mpaka habari inafika dukani, alikuwa anavuta sigara. Mpaka inafika kwa kinyozi, wenzake walikuwa karamuni. Tangazo, ambaye kwa miaka alikuwa akisambaza mambo ya watu mlango hadi mlango, sasa alikuwa akiingia dukani na mazungumzo yanageuka kuwa bei ya sabuni. Alimwambia kaka yake aombe uhamisho, wahame, waanze upya mahali ambapo hakuna anayewajua. Kila mara alipomwambia, jibu lilikuwa lile lile: tutaona.

Zimamoto hakuwa akimkwepa. Alikuwa haoni chochote. Aliwahi kulalia mguu wake mwenyewe, akaamka akaufinya, akaona kabisa kwamba ni wake na bado ukawa kama wa mtu mwingine. Sasa alikuwa hivyo mwili mzima. Alikwenda kazini, akarudi, akakutana na Fundi barazani, akasema habari za asubuhi, na Fundi akapitisha uzi kwenye sindano. Chakula alikula akiwa amesimama karibu na sinki. Akikaa mezani aliwaona watu wake wawili wakiinuka kwenye sahani zilizojaa. Na hata akisimama, alichotafuna kilikuwa kama karatasi.

*

Siku hiyo ya satini Zimamoto alikuwa kituoni, na simu ya mji wa jirani ililia wakati wanapiga deki. Walisema wawili wao wako kitandani na homa. Walisema, kwa sauti ya mtu anayejua anachokiomba, kwamba wakikataliwa wataelewa.

Dereva aliacha kupiga deki. Wale wawili, walewale, walitazama viatu vyao.

Zimamoto alijitafuta ndani, aone kama kuna hasira, au woga, au chochote cha kushika. Kulikuwa kimya. Ilibidi apige hesabu bila moyo, kama mtu anayejumlisha deni la jirani. Nikiwanyima, kituo chao kitakuwa na gari lisilo na watu. Pakiwaka kwao, atasimama mtu mlangoni kama nilivyosimama mimi. Pakiwaka kwangu, nitampigia nani?

“Nendeni,” alisema. “Na mkifika, mle.”

Mmoja wao akauliza kama ana uhakika. Zimamoto akajibu kwamba uhakika wakubwa walimwondolea pamoja na watumishi, na kwamba gari linasubiri. Walicheka kidogo, kwa adabu, wakaondoka.

Yeye na Dereva walibaki wakiangalia simu. Dereva, ambaye hakuwahi kulitaja jambo la siku ile, alisema tu kwamba mke wake anamlalamikia siku hizi anasema usingizini, na kinachomtoka ni swali lile moja, atakufuata nani. Zimamoto akasema lilikuwa swali zuri. Dereva akasema hajui kama ni zuri.

Baadaye, wakikagua gari, Zimamoto alipeleka mkono mfukoni kukitafuta kibao. Tangu siku ile hakukirudisha kwenye koti mahali pake. Kilihamia mfukoni, na kila alipobadilisha suruali alikihamisha. Mara hii mfuko ulikuwa mtupu. Alipekua wa pili, akapekua koti, akainama hadi chini ya kiti cha gari. Ndipo, kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, kitu kilimchoma kifuani. Kilikuwa kidogo, kama mwiba usioonekana, lakini alikisikia.

Simu haikulia tena. Jioni watu wake walirudi wameshiba, hawana la kusimulia.

*

Jua lilikuwa bado kwenye mapaa alipofika nyumbani. Tangazo alimsubiri ngazini. Alizungumza kwa kunong’ona, jambo ambalo kwake lilikuwa kama ugonjwa. Alimweleza yote, ya satini, ya suruali, ya kibao, na hakutia chumvi.

“Usiende,” alisema. “Nitamtuma muuza mboga akakichukue. Yule mama anataka kukuaibisha mbele za watu.”

“Acha aniaibishe, dada.”

Alishuka na buti zake miguuni.

Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mlango wa Fundi ulikuwa wazi, na yeye amesimama kizingitini kana kwamba alisikia hatua tangu ngazi ya juu. Nyuma yake, ng’ambo ya chumba, mlango wa uani ulikuwa na mstari mweusi juu ya fremu, mahali moshi ulipopita. Alikuwa ameusugua ukutani kote akaishia hapo, pengine mkono haukufika, pengine alichoka.

Alifungua kiganja. “Hiki ni cha nini?”

“Anayeingia kwenye moto anakiacha kwenye gari. Aliyebaki nje akikiona, anajua nani yuko ndani. Anajua nani bado hajatoka.”

“Siku ile kilikuwa wapi?”

“Nilikitundika. Halafu nikakitoa.”

Hakumwuliza sababu. Alisubiri tu, kama anavyosubiri mteja aamue urefu wa pindo. Zimamoto akamweleza habari za ndoano ya pili, na za wenzake, nani aliwaazimisha na kwa nini. Fundi akauliza huko walikoazimwa walizima moto gani. Akajibu kwamba hawakuzima wowote, walikaa tu, na ndio kwanza walikuwa wamewekewa chakula. Fundi alikuwa ameshayasikia hayo kwa mtaa, yamevimba hadi kuwa karamu. Sasa yalikuja yamepungua, na yalikuwa mazito zaidi.

“Na leo, wameomba tena?”

“Wameomba.”

“Ukawapa.”

“Nikawapa.”

Alingoja kofi, au ukelele wa kuujaza mtaa. Fundi alikigeuza kibao, akakiangalia upande usio na jina.

“Baba alikuwa anafunga komeo hata mchana,” alisema. “Anasema mtaa umejaa wezi, na redio ndiyo mali yake. Siku ile nilikuwa pale kwenye bomba, nimekamata ufunguo. Nimeukamata mpaka umenikata. Ufunguo wa mlango uliofungwa kwa ndani. Sijui nakwambia wewe kwa nini.”

Zimamoto naye hakujua. Hakusema pole. Alikuwa ameshaisema siku ya mazishi na ilimtoka kama namba ya gari.

“Bado napika cha watu wawili,” Fundi aliendelea, kama anayelalamikia mashine iliyoharibika. “Kichwa kinajua, mkono haujui. Kila siku namwaga.”

Hapo ndipo harufu ilipomfikia Zimamoto. Kitunguu kilichokaangwa, kikakolea rangi, na kitu kingine chini yake, chenye mafuta na chumvi. Ilikuwa hapo muda wote na pua yake ilikuwa ikiiruka. Mate yakamjaa mdomoni ghafla, na mwili ukaanza kumwasha kama ule mguu damu inaporudi, kwa maumivu yale ambayo mtu hajui acheke au alie. Aliegemea fremu ya mlango.

Fundi alikuwa na msumari nje ya mlango wake, wa kutundikia utepe wa kupimia. Aliutoa utepe, akauzungusha shingoni, na kwenye msumari akatundika kibao. Kisha akasogea pembeni, akaiacha njia.

Mezani kulikuwa na sahani mbili. Zimamoto aliziona. Aliuona mstari mweusi juu ya mlango wa uani, akaliona komeo jipya. Buti zake zilibaki nje ya kizingiti, zimelingana, kama siku ile.

“Siwezi,” alisema, polepole sana.

Fundi aliziangalia buti. Akakiangalia kibao, peke yake kwenye msumari. Halafu akainua macho hadi roshani ya juu, ambako Tangazo alikuwa akizipapasa nguo kama anayepima zimekauka kiasi gani, nazo zilikuwa zimekauka tangu mchana.

“Tangazo,” aliita. “Teremka. Na sahani uje nayo, mimi ninazo mbili tu. Kaka yako haingii peke yake, na chakula kinapoa.”