Jani Lenye Ukingo Mweupe

Ua la mama yangu liliuawa kwa wema. Sisemi kwa utani. Mwaka ule nyumba yetu ya Kimemi, hapa Butembo, ilijaa jamaa wa mume wangu waliokimbia vita kutoka Mutwanga, watu kumi na mmoja, wote wakulima, na mkulima akiona mmea ndani ya nyumba anaona mmea wenye kiu. Aliyeamka wa kwanza alilimwagia maji. Aliyemfuata naye alilimwagia, asije akaonekana mvivu ugenini. Niliwaeleza kwamba ua hili lina majani manene, linajiwekea maji lenyewe, na likinyweshwa zaidi ya mara moja kwa juma mizizi inaoza. Waliitikia kwa heshima, ndiyo mama, na kesho yake wakalimwagia tena. Siku ya kumi na tano shina lilinikatikia mkononi, laini na lenye harufu ya dimbwi.

Delphin, mume wangu, alicheka. "Jokébed, unalilia majani? Hata mbuzi hailakake ile."

Ua lenyewe ni dogo, halipiti shibiri, na kwetu halina jina. Tuliliita ua la meza. Majani yake ni ya mviringo, mazito, kijani katikati na ukingo mweupe. Mama alilikuza miaka thelathini huko Luofu, na alipofariki tuligawana vikopo viwili, kimoja changu, kimoja cha dada yangu mkubwa, yaya Kyakimwa wa Beni. Changu kikawa kimeoza. Hata kama mbuzi hali, mimi nilikitaka.

Delphin alikuwa akibeba abiria kwa pikipiki kati ya Butembo na Beni. Pikipiki ile ndiyo iliyotulisha sisi na wale kumi na mmoja. Nilimtuma kwa yaya, naye yaya akakata majani sita, akayafunga katika kitambaa chenye unyevu, akamtia Delphin mfukoni ndani ya koti. Ua hili lina fadhila hiyo: jani moja likikatwa na kikonyo chake linaweza kusafiri siku nzima, likapandwa, likatoa mizizi.

Tatizo lilikuwa kizuizi cha barabarani, mlangoni mwa mji. Miaka ile kila msimu ulikuwa na askari wake, na sina haja ya kuwataja hawa. Walipigana na wapiganaji wa Maï-Maï wa milimani, ambao watu walisema wana dawa ya majani na maji inayozuia risasi. Sasa fikiria: mtu anatoka Beni, anapekuliwa, ndani ya koti, juu ya moyo, kuna majani mabichi yamefungwa vizuri katika kitambaa. Askari mmoja aliuma jani ili ajue ladha yake. Wakampiga Delphin makofi mawili matatu, wakabaki na majani matano, wakabaki na pikipiki. Alirudi nyumbani kwa miguu, shavu limevimba, akaniambia, "Maua yako imefika mpaka ku bureau ya komanda."

Asubuhi nilikwenda kwa komanda. Nilivaa kitenge changu cha kanisani, maana mimi ni monita wa shule ya Jumapili tangu nikiwa msichana, na niliamini kwamba mtu akisema ukweli kwa sauti ya kawaida atasikilizwa. Walikuwa wamechukua nyumba ya mnunuzi wa kahawa aliyekimbia. Uani kulikuwa na baiskeli za watu, mabati, cherehani, mbuzi wawili, na katikati pikipiki yetu.

Komanda aliitwa Gérard. Alikuwa mtu mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala, wala hakuwa mjinga. Afadhali angekuwa mjinga. Majani matano yalikuwa mezani pake, juu ya karatasi.

"Afande, hii ni maua ya nyumba," nilisema. "Yaya yangu alinitumia nipande. Ile yangu ilikufa."

"Maua iko na mizizi. Hii haina."

"Inatoaka mizizi yenyewe. Unachomeka jani mu muchanga, unangojea."

Akanyanyua jani moja, akalirudisha. "Basi panda hapa. Ikiota, ni maua, unachukua pikipiki yako. Isipoota, mama, tutaongea ingine."

Nilimwuliza kama anajua ni siku ngapi. Nilimwambia mizizi peke yake ni wiki nne, na kichipukizi cha kwanza ni wiki ya saba au ya nane. Akasema vita haina haraka.

Nilipanda majani yale dirishani mwa ofisi ya jeshi. Niliyaacha kwanza nusu siku yakauke kidonda, nikachanganya mchanga na vipande vya makaa ndani ya kopo la maziwa, nikalitoboa chini kwa msumari, nikachomeka. Kopo alikabidhiwa askari mmoja, Zorobabel, Mnande mwenzetu wa upande wa Lubero, mtu mzima mwenye ndevu. Nilimfundisha: matone machache, mara moja kwa juma, na kidole kwanza. Ukigusa mchanga ukawa baridi, acha.

Niliporudi baada ya siku tano kopo lilikuwa ziwa. Zorobabel alikuwa amelinywesha asubuhi na jioni, na siku ya Jumapili akaliongezea chai. Majani matatu yalikuwa yameyeyuka. Nilikasirika hadi masikio yakaniuma.

"Mama, nilikuwa naihurumia," alisema.

"Usiihurumie. Ukiihurumia unaiua."

Yalibaki mawili. Nikabadilisha mchanga, nikaanza kuhesabu wiki upya. Nyumbani, Delphin alikodi chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na injini, akawa anasukuma viazi na makaa kwenye milima yetu ambayo hata mtu asiye na mzigo anaipanda akihema. Mgongo ulimuuma, na jioni alijikanda mwenyewe, na hilo lilinichoma kuliko lawama. Wakwe zangu wa Mutwanga waliniambia subira huvuta heri. Mtu mwenye heri zake ndiye husema hivyo, lakini hawa walikuwa hawana hata sufuria, ikabidi ninyamaze.

Wiki ya tatu jani la nne lilianguka. Paka wa komanda. Wiki ya tano nililivuta lile la mwisho kwa ncha ya kidole, likagoma kutoka. Lilikuwa limeshika. Niliketi kwenye ngazi za ofisi ile nikalia kidogo, na Zorobabel akasimama mbele yangu ili wenzake wasinione.

Wiki ya nane vichipukizi viwili vilitoka mchangani, kila kimoja na majani mawili kama kucha za mtoto. Nilivitazama kwa karibu. Vilikuwa kijani kitupu. Hapakuwa na ukingo mweupe hata kidogo.

Hapo ndipo nilipokumbuka mikono ya mama. Mama hakupanda jani hata siku moja. Alikata shina, kipande chenye kifundo, na alituambia mara mia kwamba weupe unapita kwenye shina, jani halina habari nao. Yaya alituma majani kwa sababu shina lingevunjika njiani. Mimi, binti wa mama yule, nilisahau, na nikaenda kumwahidi mtu mwenye bunduki kwamba jani litazaa ua lile lile.

Komanda Gérard aliinama juu ya kopo. "Ile jani ilikuwa na nyeupe. Hii haina. Umebadilisha."

"Sikubadilisha, afande. Mulinzi wako alikuwa hapa kila siku."

Zorobabel aliapa kwa jina la mama yake kwamba hakuna mtu aliyegusa. Komanda akaketi polepole. Nilimwona akifikiri, na nikaona mahali fikra zake zilikokwenda, nikashindwa kuzizuia.

"Donc, basi, inageukaka rangi yenyewe," alisema. Akamtoa Zorobabel nje, akafunga mlango. "Mama, usiogope. Mimi sitakufunga. Juma ijayo tunapanda front. Uniambie tu, inafanyaka nini?"

Nilimwambia haifanyi kitu. Nikamwambia tena. Nikamweleza habari ya shina na jani, mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyowaeleza watoto wa Jumapili. Alitabasamu kama mtu anayefichwa kitu na anajua. Wiki nane nzima nilikuwa nimemletea ukweli, na ukweli haukunirudishia hata kioo cha pikipiki. Nje, Delphin alikuwa akipanda kilima na makaa ya watu. Hasira ilinipanda, nikasema:

"Iko na masharti."

Akavuta kiti.

"Mwenye kuibeba asiguse kitu ya mutu. Kama mu kiwanja yake kuko hata kitu moja ya kunyanganya, inakuwa majani tu."

"Na kama masharti imefuatwa? Inazuia masasi?"

Ningeweza kusema hapana. Nafasi ya kurudi nyuma nilikuwa nayo hata wakati ule. Lakini nilitaka pikipiki, na nilitaka pia, nakiri, kumshinda mtu huyu walau mara moja.

"Inazuia," nilisema.

Siku mbili zilizofuata mji wetu ulishangaa. Baiskeli zilirudi. Mabati yalirudi. Cherehani ilibebwa na askari wawili mpaka kwa mama Vagheni, mshonaji wa jirani, naye akakataa kufungua mlango akidhani wamekuja kuchukua meza. Mbuzi mmoja walikuwa wameshamla, wakaleta mwingine. Pikipiki yetu ilikuja na mafuta ndani. Delphin aliizunguka mara tatu, akanitazama, akauliza nimefanya nini. Nilimwambia. Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka naye, na sitasema uongo mwingine: nilijisikia mwerevu. Nilifundisha shule ya Jumapili juma lile bila aibu.

Wiki tatu baadaye, mchana, Zorobabel alikuja nyumbani. Alikuwa amevaa shati la kiraia, mkono mmoja umefungwa shingoni kwa kitambaa, hana bunduki. Nilimpa kiti. Hakuketi.

"Afande alikufa," alisema. "Masasi ilianza, sisi wote tulilala chini. Yeye hapana. Alisimama, anatuita, musiogope, tulirudisha byote. Alikuwa ameweka majani ya kopo hapa." Akajigusa kifua.

Mama Vagheni alikuwa akishona ng'ambo ya pili ya barabara, cherehani ikasikika.

"Mama, naomba kukuuliza." Aliingiza mkono mzima mfukoni, akatoa kitana cha plastiki, cheusi, kimekatika meno mawili. "Hii ilikuwa mu sakoshi ya mwanamuke moja, ku barrière, pale mulangoni mwa mji. Siku ya kurudisha, niliona ni kitu kidogo. Nikabakia nayo." Akakifungia kiganjani. "Ni mimi nilimuua?"

Nilimwambia hapana. Nilimshika ule mkono na kumwambia kwamba hapakuwa na masharti yoyote, niliyatunga mwenyewe mbele ya komanda kwa hasira na kwa ajili ya pikipiki. Kwamba jani lile lisingezuia hata punje ya mahindi. Kwamba kama kuna aliyemuua komanda zaidi ya wale waliopiga, ni mimi, Jokébed, na nitajibu kwa Mungu. Nilisema yote, sikupunguza. Delphin alitoka chumbani akathibitisha, akasema ndiyo, muke yangu aliniambia siku ile ile, tulicheka.

Zorobabel alitusikiliza sisi wote wawili kwa adabu mpaka tulipomaliza. Kisha akaweka kitana mezani, polepole, akakisogeza upande wangu.

"Wasingya, asante mama," alisema. "Uko na roho nzuri. Unataka tu nipate usingizi."