Mvua ya Bega Moja

Kiangazi kilikuwa kinaaga kwa vituko. Asubuhi jua la kuchoma utosi, mchana mawingu yanajikusanya kama watu wa msibani, kisha yanatawanyika bila kudondosha hata tone. Wiki hiyo mvua ilinyesha mtaa wa juu, na mtaa wa chini watu wakaendelea kuanika nguo.

Siku hizo ndipo Msumari, fundi wa mapaa, aliposhika kazi aliyoipiga danadana tangu joto lilipoanza: kubadilisha mabati ya nyumba ya mama yake. Mama alikuwa mtu wa kitandani, miguu ilishamgomea. Dada mtu, aliyekuwa akimuuguza, alimwomba abandue upande mmoja kwanza, chumba cha mama kiwe cha mwisho. Msumari akacheka.

"Dalili ya mvua ni mawingu, dada. Wewe unayaona wapi?"

Kabla ya adhuhuri paa lote lilikuwa chini. Mabati mapya yameegemezwa ukutani, yanamsubiri. Akaaga kwamba anafuata misumari dukani, kumbe akapitia kwa kinyozi, akajiunga na watu waliokuwa wakicheza drafti. Mchezo mmoja ukazaa mwingine. Mvua ilipoanguka, ilianguka kwa kishindo. Kinyozi akamuuliza kama si yeye aliyesema ameiacha nyumba wazi. Msumari akajibu kuwa mvua za msimu huu ni za kupita. Ukweli ni kwamba alishindwa kuinuka. Kila alivyozidi kuchelewa ndivyo kwenda kulivyozidi kuwa kugumu.

Mvua ilipokatika alitoka mbio. Alipokaribia nyumbani akajitazama: shati kavu, limenyooka. Mfereji wa paa la duka la kona ulikuwa bado unamwaga maji. Akasogea, akakinga bega.

Aliwakuta kwenye baraza la jirani yao, seremala. Walikuwa wamembeba mama na godoro lake wakamvusha ua. Dada alikuwa ameloa chapachapa, anakamua blanketi. Seremala na mkewe nao walikuwa wanachuruzika.

"Mvua imenikamata njiani," Msumari akasema.

Dada akamkagua kutoka juu hadi chini. "Mvua gani hiyo ya bega moja?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mama, amefunikwa shuka la watu, akanyoosha mkono akamshika kiganja.

"Heri hukulowa sana, mwanangu. Kifua chako si kizuri tangu utotoni."

Msumari akatamani ardhi ipasuke immeze. Matusi angeyabeba, huruma hiyo ilimshinda.

"Nilikuwa kwa kinyozi, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nacheza drafti."

Mkono wa mama ulibaki pale kidogo, kisha akaurudisha ndani ya shuka.

Msumari akaifuata ile misumari dukani, akapanda. Seremala akaja kumshikia ngazi bila kuombwa, na hadi giza linaingia paa lilikuwa limekamilika. Kesho yake jua liliwaka kana kwamba halijui lolote. Dada akaanika godoro, mama akarudishwa chumbani, na wapita njia wakalisifia paa. Msumari alikusanya nyundo zake, akaagia mlangoni, macho chini.

"Ingia ukae," mama akamwita.

Akaingia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, asijue mikono yake aiweke wapi.