Gombaneni Nisikie

Fundi saa na mkewe walipeleka gari lao kwa Besi kufungiwa redio mpya, spika kwenye milango yote minne na kamera ya kurudi nyuma. Besi ndiye mwenye duka na ndiye fundi wake, pande la mtu mwenye kifua kipana. Jina lake la kuzaliwa wateja walishalisahau, maana hakuna gari lililowahi kutoka mikononi mwake bila kutikisa vioo vya majirani. Kazi aliifanya vizuri. Nyaya zote zilipita chini ya zulia, na redio ilikaa kwenye dashibodi kama imezaliwa nayo. Mke wa fundi saa, nesi wa mapokezi ambaye akiita jina la mgonjwa hata walio nje ya geti wanaitika, alikaa kiti cha mbele, akasikiliza wimbo mzima, kisha akasema, "Hapo sawa."

Wiki haikuisha, gari likaanza kulia.

Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kri-kri-kri, kama panzi aliyefungiwa kwenye kopo. Mtu mwingine angeuzoea. Lakini fundi saa alikuwa ameumaliza ujana wake akiinamia saa za watu na kutega sikio, na kitu kinacholia bila sababu kilimkosesha raha kabisa. Alizima redio, mlio ukaendelea. Alishusha vioo, ukaendelea. Kesho yake asubuhi akiwa peke yake garini, kimya.

Walirudi dukani. Besi alisikiliza maelezo yao amekunja mikono, uso umemshuka.

"Gari nililolishika mimi halilii," alisema.

"Linalia," fundi saa akasema kwa ile sauti yake ndogo.

Besi akaingia akaliendesha. Alilipitisha kwenye matuta, akalipitisha kwenye barabara ya kokoto nyuma ya soko la mbao, akafunga breki ghafla mpaka kofia yake ikaruka kwenye kioo. Kimya. Fundi saa mwenyewe akashika usukani, Besi pembeni. Kimya. Nesi alisema anawajua watoto wa namna hiyo, usiku kucha wanaungua homa, wakifika kwa daktari wanacheza mpira.

Wakaondoka. Hawakufika hata kituo cha mafuta, panzi akaanza.

Waliporudi mara ya pili, Besi aliling'oa gari lote ndani. Wenye gari walikalishwa kwenye viti vyao wenyewe, vilivyotolewa na kupangwa kibarazani, nao wakakaa kama walivyozoea, mume kulia, mke kushoto, wakitazama barabara. Mteja mmoja aliyekuja kutafuta king'ora alifika akawasalimia, akauliza kama foleni inaanzia kwao. Besi alikaza kila skrubu, akafunga sponji kwenye kila waya, akarudisha viti. Jioni ile gari lililia kuliko siku zote.

Mara ya tatu Besi hakugusa kitu. Alikaa kwenye tairi kuukuu akafikiri.

"Hili tatizo liko kwenye matumizi yenu," alisema mwishowe. "Gari linalia mkiwa nalo nyinyi wawili. Basi nami nitakuwemo."

Fundi saa alidhani ni mzaha. Kesho yake asubuhi alipofungua geti, Besi alikuwa amesimama nje na kipande cha mpira wa kumwagilia maua, ncha moja ikiwa tayari sikioni. Akasalimia, akaingia kiti cha nyuma, akaielekeza ncha ya pili kwenye dashibodi.

Alikwenda nao kazini na kurudi nao. Alifuatana nao sokoni, akawasindikiza kwenye kikao cha wazazi shuleni, na alikuwemo walipokwenda kumjulia hali shangazi aliyefanyiwa upasuaji, hata yule shangazi akamshika mkono akamshukuru kwa kuja. Siku zote hizo gari halikulia hata kidogo. Mume na mke walikaa mbele kwa adabu kama wachumba waliotoka kutambulishwa.

"Baridi haikuchomi, mke wangu?"

"Hapana, asante. Wewe je, jua halikusumbui?"

Besi alivuta mpira kutoka sikioni. "Samahani, mimi ni fundi, si shemeji yenu. Hivi ndivyo mnavyoongea siku zote?"

Fundi saa alibadilisha gia, na Besi akaendelea.

"Siku lilipolia mara ya kwanza, mlikuwa mnatoka wapi?"

"Kwa mama," nesi akasema.

"Na siku ile baada ya kutoka kwangu?"

"Tulikuwa tunaelekea nyumbani."

"Mnazungumza nini?"

Fundi saa alirekebisha kioo cha kati ingawa hakikuwa na kasoro. Nesi alitazama nje. Kisha, kwa kuwa amezoea kuwauliza watu mambo ya aibu na kungoja majibu, aliona si haki yeye kukataa kujibu.

"Tulikuwa tunagombana," alisema.

"Na siku nyingine?"

"Tulikuwa tunagombana."

Besi alikaa wima. Uso wake ulichangamka kama mtu aliyeambiwa mwizi wake amepatikana. "Basi gombaneni," akasema. "Gombaneni nisikie."

Walijaribu. Nesi alikohoa kwanza.

"Juzi umeacha taulo lenye maji kitandani."

"Kweli," akasema mumewe. "Samahani."

"Usiombe samahani," Besi akasema kutoka nyuma. "Ukiomba samahani hatufiki popote."

"Lakini taulo niliacha kweli."

"Kataa."

"Sikuacha taulo," fundi saa akasema, na papo hapo akaona haya. "Niliacha, lakini halikuwa na maji mengi."

Mke akaangua kicheko, mume naye akacheka, na gari likaenda kwa upole mpaka nyumbani. Siku iliyofuata walijaribu habari ya umeme, wakajaribu dada wa mume aliyeazima blenda akairudisha haina kifuniko. Waligombana kama watu wanaosoma tangazo. Besi aliwasihi wawe na uchungu. Aliwaambia kuna wateja wanaongoja kibarazani kwa ajili yao. Mwisho akauliza, kama daktari anayeuliza mahali penyewe, "Lakini nyinyi hasa, hasa, mnagombania nini?"

"Mama yangu," nesi akasema.

"Chumba," mumewe akasema wakati huohuo.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha ziada, na chumba hicho fundi saa alikijaza saa za ukutani, za watu waliosahau kuja kuzichukua. Nesi alitaka kiwe cha mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake upande wa pili wa mji. Kila akilitaja jambo hilo, mumewe alisema, "Nitalifikiria." Alikuwa amelifikiria tangu mvua za mwaka uliopita.

"Tumchukue mama," Besi akasema.

Jumapili wakamfuata. Bibi alitoka na mkoba na kitambaa chake kizuri cha kichwa, akakaa nyuma karibu na Besi. Bintiye alimweleza kwamba gari linalia wakigombana, kwamba wanagombana kwa ajili yake, na kwamba huyu ni fundi wa redio.

"Niseme nini?" Bibi akauliza.

"Usiseme kitu, mama. Kaa tu."

"Kukaa tu nitawaharibia. Mkwe wangu mtu mzuri, atagombana vipi na mimi nipo?" Akamgusa fundi saa begani. "Umekonda, baba. Unakula?"

Fundi saa akasema anakula. Nesi akasema hata yeye amekonda mbona haulizwi. Besi aliushika mpira wake kwa mikono miwili. Waliingia kwenye foleni ya magari, magari yakasimama, na Besi akaona nafasi. Akapenya katikati ya viti vya mbele na kifua chake kile, akainama mpaka kichwa kikawa chini miguuni mwa nesi, sikio limebandikwa chini ya dashibodi.

Askari wa barabarani alipita, akarudi nyuma hatua kadhaa, akainama dirishani.

"Mama, huyu mtu ana nini?"

"Anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Ugomvi," sauti ya Besi ikatoka chini.

Askari aliwatazama mmoja mmoja. "Sioni mtu anayegombana."

"Ndiyo shida yetu, afande," fundi saa akasema.

Askari akawaruhusu waende, ingawa foleni ilikuwa bado imesimama.

Kilichowasha moto ni Besi mwenyewe. Alipojichomoa na kurudi nyuma, jasho linamtoka, alisema, bila kukusudia kitu, kwamba hata yeye angeona shida kuhamisha saa nyingi kiasi hicho, kwa sababu saa ya ukutani ni kitu cha kuharibika.

Nesi akageuka. "Kwa hiyo saa za watu zina maana kuliko mama yangu?"

"Sijasema hivyo, dada."

"Amesema tu zinaharibika," mumewe akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ndogo. "Na ni kweli. Mimi nimeaminiwa vitu vya watu."

"Watu gani? Wengine wamekufa hao!"

"Warithi wao je?"

"Warithi," nesi akasema. Akampa mumewe mgongo, akaegemea mlango, akaanza kusema. Alisema yote, kwa sauti ile ya mapokezi, na mwenye gari la mbele akapandisha vioo vyake. Besi akaona anasingiziwa, akaingilia kujitetea. Fundi saa akamwambia Besi asimpandishie mkewe sauti. Besi akasema hapandishi sauti, hiyo ndiyo sauti yake.

"Kuna kitu kinalia," Bibi akasema.

"Subiri kwanza, Bibi," Besi akasema. "Dada, mimi nilichosema ni kwamba..."

"Kinalia kri-kri," Bibi akasema. "Na kama ni kile chumba, nani aliwaambia nataka kuhamia?"

Wote wakamgeukia.

"Mwanangu, nilikuja kulala pale mara moja. Saa zile ziligonga usiku mzima, hii inagonga saa nne, ile saa nane, nyingine sijui saa ngapi. Mimi nina nyumba yangu, nina majirani zangu, sihami. Ningeulizwa ningesema."

Nesi alimtazama mama yake. Fundi saa alimtazama mkewe. Kisha wakaanza kucheka polepole, na mke akaacha kuegemea mlango, akaweka mkono kwenye goti la mumewe. Gari lilikuwa kimya kama msikiti mchana.

Besi alishika kichwa. "Bibi," alisema kwa huzuni ya kweli, "hukuweza kusubiri dakika moja tu?"

Ugomvi ukawa umekwisha, na mlio nao ukaisha. Fundi saa alimwambia Besi wamesameheana, mambo ni mazuri, asijisumbue. Besi hakuweza. Alipungua. Aliwafungia wateja spika nyuma mbele, akaliwekea gari la mchungaji king'ora cha gari la wagonjwa. Kila siku jioni alipiga simu.

"Habari za nyumbani. Mmegombana?"

"Bado, Besi."

"Hata kidogo?"

"Tunaendelea vizuri tu."

Siku moja, wakitoka kazini, fundi saa alimwambia mkewe wapitie dukani wamtazame yule mtu, anatia huruma. Nesi akasema hapana, huruma ya nini, mwanamume mzima anapigia watu simu kuombea wagombane. Mumewe akasema ni mtu anayeipenda kazi yake. Nesi akasema amechoka kuishi na mafundi, mmoja kwenye simu na mwingine kitandani. Walipofika mbele ya duka walikuwa wamekolea. Besi alisikia sauti ya nesi kabla hajaliona gari. Akatupa bisibisi, akakimbia, akafungua mlango wa nyuma gari likiwa bado linatembea.

"Msisimame," akasema. "Nawaomba, endeleeni."

"Unaona?" nesi akamwambia mumewe. "Unaona mtu wako?" Akampa mgongo, akaegemea mlango.

Kri-kri-kri.

Besi hakuhitaji mpira. Alipitisha mkono kati ya kiti na mlango, akapapasa kwenye kava ya ndani pale bega la nesi lilipokandamiza, akakuta pembe moja inacheza. Kibanio cha plastiki, kidogo kama ukucha wa mtoto, hakikuingia kwenye tundu lake. Alikuwa amesahau kukigonga siku ile alipofunga spika, na alipong'oa viti na dashibodi milango hakuigusa. Nesi akiwa na amani alikaa katikati ya kiti chake. Akiudhika tu alimkimbia mumewe kadiri kiti kilivyomruhusu, na mlango ukalia.

Uso wa Besi ulimshuka. Alitaka kuomba radhi. Alifungua mdomo, lakini mbele hapakuwa na nafasi ya kupenyeza neno, kwa kuwa ugomvi sasa ulikuwa umefika kwa dada wa mume na kifuniko cha blenda, na safari hii kwa uchungu wote ambao Besi aliutamani. Akakigonga kibanio kwa kiganja, mara moja, kikaingia tap. Akasikiliza. Nesi aliegemea kwa uzito wake wote. Mlango haukusema kitu.

"Limepona," Besi akasema.

Hakuna aliyemsikia.

"Naweza kushuka hapo kwenye kona."

Kona ikapita. Wakafika nyumbani, geti likafunguliwa, milango miwili ya mbele ikabamizwa kwa zamu, na ugomvi ukaingia ndani ya nyumba na wenyewe. Taa ya sebuleni ikawaka. Besi alibaki kiti cha nyuma. Alingoja kidogo, labda wangemkumbuka. Kisha akahamia kiti cha nesi, akauegemea mlango kwa bega lake, akauminya, akauachia, akauminya tena, huku akitabasamu peke yake gizani.

Baadaye kidogo fundi saa alitoka na vikombe viwili vya chai, akaingia upande wa usukani, akampa kimoja.

"Anasema nikalale garini," alisema.

Besi alisogea kumpa nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo, akawasha redio kwa sauti ya chini.